Ukiniuliza Habari za Sakafu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe na wifi, pamoja na hao watoto ambao nasikia sasa wanakimbia kukushinda. Kifua cha wifi kimepoa? Na wewe usingizi unaupata? Mara ya mwisho tuliposemezana kwa simu sauti yako ilikuwa ya mtu aliyechoka, ingawa uliapa kwamba ni mtandao. Huku tu wazima. Mama amepunguziwa chumvi na daktari na analalamika mbele ya kila sahani. Baba ni yule yule, isipokuwa magoti. Akitaka kuinuka kitini hutazama kwanza kama kuna mtu anamwona.

Uliniuliza jambo moja ukataka nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu mimi hucheka nikakwepa. Ulisema baba anataka uache ukarani wa ghala, urudi ushike kazi ya sakafu, nawe kabla ya kuacha kibarua unataka kujua kama kazi yenyewe ina mbele. Haya, nimekaa kukujibu, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mambo yamebadilika. Zamani mtu akimaliza kujenga, swali lilikuwa ni kigae cha rangi gani. Siku hizi anakuja na picha kwenye simu: sakafu ya plastiki yenye sura ya mbao, inayopachikwa kipande kwa kipande bila saruji, na chumba kinakwisha kabla ya chakula cha mchana. Maduka makubwa nayo yanauza vigae na kukupa fundi wao juu, bure, au ndivyo wanavyosema. Sisi tukitaja bei mteja anatutazama kana kwamba tumemwomba figo. Vigae vyenyewe vimekua. Vingine ni vikubwa kama mlango, vinabebwa na watu wawili, na kikipasuka kimoja faida ya chumba kizima imekwenda. Wanaoagiza marumaru ni wachache, na hao wachache hulipa wanapojisikia. Vijana hawataki kazi ya kupiga magoti, na wakimwona baba anavyotembea, nani awalaumu?

Fundi Rula, yule mrefu asiyeamini jicho lake mpaka apime, anasema kazi hii imebakiza roho tu. Lakini yeye husema hivyo kila mwaka, hata mwaka ule tuliokosa nafasi ya kula.

Juzi juzi baba aliwakusanya mafundi stoo wakati wa chai. Akawaambia kwamba mwanawe anarudi, na siku atakapoingia atakabidhiwa funguo. Wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai. Akanigeukia kwa upole, maana baba hana ubaya, akasema, "Na wewe utamsaidia kaka yako kama unavyonisaidia mimi." Fundi Rula akainamia kikombe chake.

Kaka, huko kumsaidia baba maana yake ni hivi. Tangu magoti yalipomshinda, mimi ndiye ninayekwenda kupima vyumba, kukadiria gharama, kubishana na wauza gundi na kukagua kila sakafu kabla ya kuikabidhi. Nimejifunza kutandaza saruji na kusoma pima maji, na sasa magoti yangu yana sugu. Mama anasema nitakosa mchumba kwa magoti hayo. Nimemjibu kwamba mwanamume atakayeanza na magoti, namfungulia mlango aende zake. Lakini siku ile ya chai sikuwa na mzaha. Moyo uliniuma, na nilikwenda nyuma ya stoo nikalia.

Wiki hiyo hiyo niliitwa na mama mmoja mwenye zahanati. Vigae vya korido yake vilikuwa vimeinuka katikati, na muuguzi alikuwa amejikwaa akiwa na trei ya dawa. Nikapiga magoti nikavigonga kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko. Karibu vyote vililia kama debe tupu. Nilipong'oa kimoja nikaona waliotutangulia walivyofanya: waliweka gundi kwa mabonge, moja kila pembe na moja katikati, badala ya kuitandaza yote. Kazi ya haraka na bei ya chini. Kabla ya hapo nilikuwa nimeitwa kwenye jiko la hoteli na kwenye shule, na ugonjwa ulikuwa huo huo. Hizo sakafu za plastiki nazo, pale panapomwagwa maji kutwa, zinaachia pembeni. Cha rahisi ghali, na walioutaka urahisi wanaanza kurudi, wengine kwa aibu, wengine kwa ukali kana kwamba sisi ndio tuliowaharibia. Nimewapokea wote. Biashara haigombi.

Korido tuliitengeneza upya. Yule mama akasukuma kitanda cha magurudumu kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi nacho. "Sakafu nzuri ni ile ninayoisahau," akaniambia. "Hii nitaisahau. Nitengenezee na zile nyingine." Ana zahanati nyingine tatu, na anataka tuzitengeneze zote kisha tuzitunze. Ni kazi ya miaka miwili, kaka, na mwenye jiko la hoteli ameshaanza kuulizia mpango kama huo.

Sasa nikuambie ninachokionea aibu. Habari hii baba haijui. Yule mama anataka saini ya mwenye kampuni kabla ya mwezi kwisha, na najua nikimwambia baba atasema tumsubiri kaka yako aje atie saini yeye. Kwa hiyo nimenyamaza. Hata nilipoanza kukuandikia, nilikusudia nikueleze habari za plastiki na maduka makubwa, niishie hapo, nawe ubaki ghalani ukiamini kazi imekufa. Kila neno nililoandika pale juu ni kweli, na kwa ukweli huo huo ningekudanganya. Kalamu ilinishinda. Najua ghala lenu linapunguza watu, nawe una midomo ya kulisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi jibu ni hili. Kazi ina mbele, na ni mbele njema kuliko anavyodhani baba. Nami naitaka. Siitaki kwa kusaidia.

Njoo, kaka. Kununua vifaa kwa jumla na kutunza stoo hakuna hapa anayekufikia, na hayo ndiyo yanayotumaliza sasa. Kazi inatutosha sote wawili na mshahara wako utapatikana. Lakini saini iwe yangu, na mafundi wanijue mimi ndiye mkubwa wa kazi. Naomba umwambie baba hivyo wewe mwenyewe, kwa sababu atakusikia wewe kabla hajanisikia mimi. Kuandika sentensi hiyo kumenigharimu. Ukiona funguo ni haki yako kwa kuwa wewe ndiye mwana wa kiume, niambie bila kuzunguka. Sitagombana nawe na sitakununia, ila sitabaki. Nitakwenda kuanza chumba kimoja kimoja kwa jina langu.

Kesho asubuhi, barua hii ikiwa njiani, nitamweleza baba habari ya zahanati yote, pamoja na jinsi nilivyoificha. Akipiga simu kwako akiwa amewaka, msikilize mpaka amalize, kisha umjibu unavyoamini.

Mama anakusalimu sana na anataka picha za wajukuu, si zile za mbali. Wifi mwambie asinywe maji baridi. Watoto waambie shangazi yao anawapenda.

Ni mimi dada yako,
mkandarasi wa sakafu.