Namba kumi na nne

Shoga, nimetoka mkutanoni sasa hivi. Sijui hata nianzie wapi.

Ule utafiti wa mikono yetu wodi ya watoto wachanga, majibu yametoka. Daktari wa ngozi kayasoma kwa namba zetu za siri: "Namba kumi na nne ana vijidudu kuliko wote."

Kumi na nne ni mimi. MIMI. Mwalimu wao wa kunawa mikono.

Wote wakamgeukia mama wa usafi. Matroni akamwambia, "Mama, kesho usiingie wodini." Mama wa watu akainamisha kichwa tu.

Nikanyoosha mkono. "Ni mimi."

Matroni akauliza, "Wewe nani?" Kama hanijui, na miaka tisa tunafanya kazi pamoja.

Daktari akaniangalia viganja. Unaijua ile mipasuko ninayoificha. "Una mzio wa sabuni yetu," akasema. "Vijidudu vimejaa humo kwenye nyufa. Kwa nini hukusema?"

Niseme nini, shoga? Kwamba sabuni inamshinda mwalimu wa sabuni?

Watoto wamepimwa, wote wazima. Nimelia chooni.

Mama wa usafi kanifuata huko huko na mafuta yake ya mgando. Kanipaka taratibu, kidole kwa kidole, halafu akasema, "Mwalimu, leo usinawe."