Usawa wa Gorofa ya Tatu

Kitale,
9 Machi 2025.

Mpendwa wajina wangu Waithera,

Hukuniuliza. Hilo ndilo kosa lako, na nimelianza kabla ya salamu ili usijifanye hujaliona.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Mume wako Kizito kile kikohozi kiliisha? Sisi huku tuko salama, Mungu amesaidia. Mvua imechelewa lakini shamba limelimwa. Goti langu linauma asubuhi tu, mchana linasahau.

Wilkista alinipigia simu kutoka Kanduyi. Huyo nyanya yako wa upande wa mama hajawahi kunipigia hata dakika tano tangu mwanangu amwoe binti yake, lakini juzi aliongea mpaka sikio likapata moto. Ati ulimwalika chuoni unakofundisha, siku ya usawa ya idara yenu, wazee wa kila jamii wawaelezee wanafunzi maisha yao. Ati alipewa maiki. Wilkista! Huyo akitoa shukrani kanisani hata mchungaji anaangalia saa. Sasa picha yake akiwa kiti cha mbele ameitundika sebuleni, na mimi nimetumiwa kwa simu ya baba yako mdogo Mbogo, mara tatu.

Nilimuuliza Mbogo mbona mimi sikuitwa. Akaangalia chini. "Mama, Waithera alisema mkutano uko gorofa ya tatu, hutaweza ngazi."

Si wewe ndiye mwenyekiti wa hiyo kamati ya usawa? Na jina ulilobeba si langu? Ulipokuwa nasari, matope ya Aprili yakifika magotini, sikukuambia ubaki nyumbani ati njia ni mbaya. Nilikubeba mgongoni, ukinivuta kitambaa cha kichwa.

Nina wivu, ndiyo, sifichi. Roho iliniuma hadi nikaacha chai ikapoa.

Lakini Wilkista kwa kuringa kwake alitoboa jambo lingine. Kuna mwanafunzi wako, Ivy, wa kiti cha magurudumu. Alibaki chini peke yake akisikiliza kwa simu. Vijana walitaka kumbeba, akakataa. Alifanya vizuri. Mtu mzima si gunia la mahindi.

Mimi niliachia shule darasa la tatu. Nyinyi wasomi wote, hakuna aliyeona chumba cha chini?

Nisalimie Kizito, na dada yako Nekesa, hata kama yeye hupenda Wilkista zaidi. Mungu akulinde, wajina, na akufungue macho uwaone walioachwa chini.

Sasa sikiliza. Mkutano ujao uweke chini. Ivy akae mbele. Halafu utume gari Kitale lije linichukue, na hiyo maiki nipewe mimi kabla Wilkista hajaigusa tena.

Cucu wako, nyanya wa upande wa baba, anayekupenda hata leo,
Waithera mkubwa.