Kikaratasi juu ya laptop ya mama

Yuster, uko? Usinipigie, tuko kwa fundi hapa Masasi mjini, nitaongea vibaya mbele za watu.

Ile laptop ya mama iliyogoma kuwaka. Imewaka. Imewaka lakini ndani hamna kitu.

Unakumbuka kitabu cha ubatizo cha kanisani kilivyoliwa na mchwa? Mama kakaa miaka miwili anachapa majina yaliyosalia, mengi ya marehemu wetu, jina moja moja. Yote yalikuwa kwenye laptop hiyo tu.

Na mama si mjinga. Jana alipoiacha alibandika kikaratasi juu ya mfuniko, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: USIFUTE KITU. HAMISHA VYOTE KWANZA.

Leo tumeingia tu, fundi Hamudi, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Vitu vyangu umehamishia wapi?"

Anacheka. "Mwalimu, nimefuta yote nikapiga windo upya, inaruka sasa. Nimekuwekea na muvi za Kikorea."

Muvi za Kikorea, Yuster. Juu ya majina ya marehemu wetu.

Mama kamwonyesha kikaratasi, bado kimebandikwa palepale. "Hiki hukukiona?"

"Nilikiona mwalimu, ila sikukisoma. Nilijua umeandika jina lako."

Hakukisoma. Maneno matano, hakuyasoma.

Nimeinuka nimvae, mama kanishika mkono. Amekaa kwenye benchi, kikaratasi kiko mapajani. Ananiambia polepole, "Mwache. Huyu kusoma nilimfundisha mimi."