Mkeka Wako Haujakunjwa, Mama Federesi

Mama Federesi,

Ni mimi, mwanagenzi wako, yule uliyemcheka kwa kuvaa tai. Tangu tukuzike, ofisi ya kuwashauri wanafunzi hapa chuoni nimebaki nayo peke yangu. Sukari bado haipatikani. Chai naimeza hivyo hivyo, na kulalamika nalalamika kwa niaba yako.

Unamkumbuka Akello, binti wa mwaka wa pili, aliyekuwa halali wala hali? Nilimketisha mbele ya meza, nikatoa fomu kama nilivyosomeshwa, nikamuuliza jina la baba yake. Alinyanyuka akaondoka, hata daftari lake akaliacha. Mimi niliyekulia Makindye, jirani na gereza la jeshi, mtoto wa polisi, sikujiuliza kwa nini. Wewe ndiye uliyejua: baba yake, askari, alifuatwa nyumbani na wanaume wawili, wakamuuliza jina, wakaliandika, wakaondoka naye. Hakurudi.

Ulinitazama juu ya miwani. "Wewe nauliza mtoto kama wale watu," ukasema, ukiinyooshea kidole kalamu yangu. "Weka karamu chini, kuja menya karanga." Niliona aibu sana, Mama.

Basi ukanikalisha kwenye mkeka nyuma ya ofisi, tukawa tunamenya karanga na kila aliyekuja. Macho kwenye ungo, mikono kazini, hakuna anayemkodolea mwenzake. Nilinung'unika kwamba sikusomea upishi. Ukaniongezea karanga.

Akello hakurudi ukiwa hai. Najua ilikuuma, maana hata kitandani ulimuulizia.

Siku ya Jumanne amekuja. Alinikuta mkekani peke yangu, akaketi, akavuta ungo. Akauliza taratibu, "Mama alikufa na nini?" Nilitaka kujibu kama mshauri, nikashindwa. Nililia, Mama, mbele ya mwanafunzi. Yeye akaendelea kumenya, wala hakunitazama.

Nilipotulia akanitajia jina la baba yake. Sikuwa nimemuuliza. Akasimulia alivyokuwa akipiga mluzi huku akinyoa ndevu, na jinsi mama yake hadi leo anampakulia chakula. Alizungumza mpaka karanga zikaisha. Kisha akasema ana njaa.

Fomu zote nimewashia jiko. Nakuahidi mkeka huu hautakunjwa nikiwa hapa. Nilikupenda kama mzazi, na sikukuambia.

Pumzika, Mama. Ijumaa Akello anakuja tena, nami natafuta karanga. Jina aliloniambia sijaliandika popote, hata humu.

Mwanao wa tai