Jenereta Nyuma ya Pazia

Kwako kaka Taha, huko Maskati,

Mlio wa jenereta haujanitoka masikioni tangu Jumamosi. Mama anakusalimu, goti lake limepata nafuu.

Rafiki yako Uthman alitualika Mokowe, kwenye shamba la mama, atuonyeshe mashine yake ya kuchaji magari ya umeme kwa haraka. Kama ilivyo ada, wanaume waliketi mbele, na sisi wanawake tukawekwa nyuma ya pazia. Huko nyuma ndiko alikoficha jenereta. Mbele spika zilipiga kaswida kwa sauti kubwa, gari likachajiwa, wanaume wakashangilia.

Bi Rawiya, jirani yetu, akaninong'oneza, "Mwanangu, umeme gani huu unaonuka dizeli?"

Baadaye nilimuuliza Uthman transfoma ya kuleta umeme wa laini iko wapi, maana jenereta si ya kudumu. Akacheka. "Sundus, masomo yatakuchosha. Mashine ipo, hayo mengine ni madogo."

Si madogo. Transfoma na kuvuta laini kubwa ya umeme huweza kuzidi bei ya mashine yenyewe, na kwenye makadirio yake havimo. Anataka mama aweke shamba rehani benki apate mkopo wa mradi huo, kisha gharama zikizidi, shamba ndilo litakaloliwa. Anasema wewe umeshakubali. Kwa nini nililisikia hilo kwake na si kwako?

Usipige simu kumbembeleza mama. Jana nilimpeleka ofisi ya ardhi, akaweka zuio kwenye hati ya shamba. Shamba haliwekwi rehani kwa neno la Uthman, wala kwa lako.

Nduguyo,
Sundus