Bibi, Niliongopa Kuhusu Mikono Yako

Bibi yangu,

Nakutolea salamu ile tunayowapa waliotangulia, maana shikamoo yangu haina tena wa kuiitikia. Huu ni mwezi wa tatu tangu uzikwe. Nilipofika nyumbani Wawi ulikuwa umeshafunikwa udongo. Shangazi, aliyekukosha kabla ya sanda, alinishika bega akaniambia umeondoka na moyo uliotulia. Sikumuamini. Najua uliondoka na swali.

Uliniuliza likizo ile ya mwisho, nikiwa nimemaliza masomo ya udaktari juzi tu. Tulikaa ukumbini, unachambua mchele. "Asya, we ndo daktari. Hebu n'ambie kweli. Ndo mikono yangu ilomuua baba'ko?" Nikakujibu haraka haraka, "Hata, Bibi. Si mikono yako." Ukanitazama kidogo, ukarudi kwenye mchele wako. Nilikuongopea. Si kwamba nilijua ni mikono yako. Sikujua lolote, nikajibu kama anayejua.

Siku ile ya Baba naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Baba alianguka mkarafuuni asubuhi, tawi limemkatikia mguuni. Akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na hilo ndilo lililotuponza sote. Alikuwa anacheka. Akasema ameteguka ubavu wa kushoto. "Mama, n'kande tu, itapoa." Nani angemkatalia? Watu walikuwa wakitoka Msuka kuja kukandwa na wewe, wengine wamekwishapita hospitali na kurudi vile vile. Ulikuwa ukisema madaktari wanajua kuandika lakini hawajui kushika mtu.

Mafuta ya uto, yale ya ufuta ya kukandia, niliyapasha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilijivunia kazi hiyo. Ukamlaza Baba kwenye jamvi, ukamkanda kuanzia ubavuni mpaka tumboni, kwa nguvu zako zile, unamtania kwamba mtu mzima analalama kama bi harusi. Yapata adhuhuri akasema ana kiu. Halafu akasema anasikia baridi, na jua lile. Tulipompakia kwenye gari midomo yake ilikuwa imeshapauka. Alasiri haikumkuta.

Baada ya matanga hukumkanda mtu tena. Walioteguka wakija unawaambia mikono inakuuma. Haikuwa inakuuma, Bibi. Nilikuona unatwanga kisamvu.

Sasa nikupe habari za huku bara, ninakofanya mafunzo ya kazi. Wiki mbili zilizopita aliletwa mwanamme aliyeanguka kutoka kwenye mnazi. Tumbo limeanza kujaa, ubavu wa kushoto unamuuma, na anasema ameteguka tu. Neno lile lile la Baba. Wengu wake, bandama ile ya ubavuni kushoto, ulikuwa umepasuka, unavuja damu ndani. Nilidhani watampasua. Hawakumpasua. Wakamlaza kwenye meza iliyo chini ya mashine ya eksirei, yu macho, na daktari mmoja mama mtu mzima, Dokta Mwanaidi, akamtoboa tundu dogo kwenye kinena. Akapitisha mrija mwembamba kama tambi ndani ya mshipa, akaupandisha taratibu huku macho yake yako kwenye kioo kinachoonyesha picha ya ndani, mpaka kwenye ule mshipa wa wengu unaovuja. Akaziba hapo kwa vijiwaya vidogo vinavyojikunja. Damu ikasita. Yule bwana akauliza kama anaruhusiwa kunywa chai.

Wenzangu walifurahi. Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira. Sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo niliikasirikia ile chai.

Hawa ni madaktari wa picha, Bibi, lakini hawaishii kuzisoma picha. Wanatibu huku wanaziangalia. Wanaziba panapovuja, wanazibua palipoziba, na mtu anaondoka na kidonda kisichozidi alama ya sindano. Ungewapenda. Dokta Mwanaidi anashika mrija kwa ncha za vidole, polepole, anasikiliza. Wewe ndiye mtu mwingine pekee niliyemuona akishika hivyo.

Nilimfuata nikamuuliza lile swali lako. Nilimuuliza kama mtu wa aina ile akikandwa tumbo, inakuwaje. Hakunizungusha. Akasema kukandwa kunaweza kuzidisha kuvuja. Akasema pia kwamba hata bila ya kukandwa wengi hufa, kama hapana wa kuizuia damu. Nikamuuliza ni lipi kati ya hayo lililomuua baba yangu. Akasema hajui, na hakuna atakayejua.

Hilo ndilo jibu lako. Limechelewa, na si zuri, lakini ni la kweli.

Fomu ya kuchagua fani ilikaa mezani kwangu siku kumi. Mama anataka nisome mambo ya uzazi. Ananiambia kwa simu, "Huku watu wazaa kila siku, mwanangu. Hiyo ya mishipa utamtibia nani, na mashine yenyewe hapana?" Na hakosei. Nitasoma miaka mingi mbali na nyumbani, pengine hata nje ya nchi, na nikimaliza huenda Pemba bado haina chumba kile wala meza ile. Huenda nikazeeka bara nikiziba mishipa ya watu wengine huku wetu wanaendelea kuanguka mikarafuuni. Nalijua hilo, na linaniuma. Tena sijui kama naitaka kazi hii kwa ajili ya wagonjwa au kwa ajili ya asubuhi ile moja, ambayo haitarudi hata nikisoma mpaka mvi zinitoke.

Jana nimeijaza. Nimeandika fani ya Dokta Mwanaidi. Mama bado sijamwambia.

Nisamehe, Bibi. Nilikuwa na nafasi ya kukaa na wewe ndani ya swali lako, nami nikalifunga kwa maneno machache kwa sababu niliogopa. Ukabaki nalo peke yako mpaka kaburini. Mungu akupanulie ulipo, akukutanishe na mwanao, na yeye akwambie lile ambalo mimi siwezi.

Kwaheri. Ninakuahidi hili, na si zaidi ya hili. Kabla ya msimu wa karafuu kuanza nitakuja nyumbani. Nitakaa na wanawake wanaokanda, wa Wawi kwanza, kisha wa Msuka na Makangale. Nitawaambia kwamba aliyeanguka mtini akalalamikia ubavu wa kushoto asiguswe tumbo, hata akicheka, hata akiomba mwenyewe. Akimbizwe hospitali saa ile ile. Wataniuliza nimeyajuaje, nitawasimulia habari ya Baba. Na wale wasiotujua watauliza ni nani aliyemkanda.

Nitawaambia tulikuwa wawili, wewe na mpasha mafuta wako.

Mjukuu wako,
Asya