Mwasumini wa Mjane

Bagamoyo, 24 Machi 1936

Kwa mwanangu Mwaija, Lugoba.

Salamu nyingi, na baada ya salamu, mimi mzima, ila miguu inavimba kwa kukaa. Hali zenu huko? Mkwe wangu Mwinshehe je, kikohozi kimemwacha?

Barua yako nimeipata. Unasema nikitoka eda nije kukaa kwako. Mungu akuzidishie, mwanangu, lakini hapana. Baba yako wa kambo, Mzee Mbaruku, Mungu amrehemu, nyumba hii ni ya wanawe, nami sikuwazaa. Hawajanikosea, wamesema nikae hadi eda iishe. Baada ya hapo nitakwenda Mlingotini kwa mjomba wako. Kwa ndugu yangu nina haki ya kununa. Kwa mkwe lazima nicheke hata nikiumwa na jino.

Tena hapa nina kazi. Mtaa huu haolewi mtu bila vikuba na makoja ya maua niliyotunga kwa mkono wangu, na asumini zote zinatoka uani kwangu. Mwasumini wenyewe hauhamishiki. Mara ngapi nimekata vijiti nikavipanda, vyote vikakauka. Bila huo, huko Lugoba nitakuwa bibi wa kula na kulala, na hilo siliwezi.

Wasalimie wote.

Mama yako


Lugoba, 3 Aprili 1936

Mama, shikamoo. Nakushika miguu yote miwili, hiyo hiyo iliyovimba. Sisi wazima. Kikohozi cha Mwinshehe kimepona, sasa anakorota tu.

Mama, usikate vijiti. Jirani yangu, Mama Hija, ana mawaridi nyumba nzima na hajawahi kukata kijiti. Analaza matawi. Chagua tawi refu la chini, laini, lisilo na maua. Chini ya kifundo kimoja likwangue ganda kidogo, ulilaze kwenye kishimo chenye samadi, ulibane kwa kijiti chenye panda, ufukie. Ncha iache nje. Usilitenge na shina. Huku juu linanyonya kwa mama yake, huku chini linajifunza kula lenyewe. Likishaota mizizi ndipo unakata.

Masika yameanza, na eda yako ina miezi mbele. Basi tuwekeane ahadi. Likishika, unakuja nalo. Harusi za huku watu huagiza asumini kutoka kwenu, zikifika zimeshakuwa kama majani ya chai yaliyochujwa, kwa hiyo kazi ipo. Likikataa, sitakusumbua tena, nenda Mlingotini ukanune.

Mwanao


Bagamoyo, 19 Aprili 1936

Mwanangu Mwaija, marahaba. Hapa ni mvua na mbu, mengine salama. Nawe na mumeo hamjambo?

Ahadi nimeikubali, na matawi nimelaza mawili. Nilichuchumaa uani kwa kanga nyeupe za eda, nikafukia tawi lililo hai kabisa, nikasema leo Mwaija kanifanya mwendawazimu.

Usinikasirikie kwa hili. Juzi nilishindwa kujizuia, nikafukua moja nichungulie. Palikuwa na vinundu vyeupe vidogo, nami nikavikwaruza kwa kidole. Lile limenyauka. Sasa limebaki moja, nalo sitaligusa hata nikiota limetoa zabibu.

Mama yako


Bagamoyo, 2 Juni 1936

Mwanangu, natumai hamjambo. Mimi si mgonjwa, lakini moyo hauko mahali pake.

Mwasumini haupo tena. Jana nililala adhuhuri, nikaamka nikakuta Zaina, wifi yangu, dada yake marehemu, ameshika panga uani na shina liko chini. Hakufanya kwa ubaya. Masika yalipopungua ulichanua vibaya sana, harufu ikafika barabarani. Akaniambia, “Wifi, mjane hajitii manukato. Watu wanapita, wanasikia asumini nyumba ya eda. Watakusema, nami sitaki usemwe.” Alikuwa ananikinga na midomo ya watu. Ningemlaani ningeona haya.

Tawi lililolazwa lilikuwa limefunikwa na majani, hakujua. Limetengwa na shina kabla sijajua lina mizizi au halina. Majani yake leo yamelegea. Nimeshamwandikia mjomba wako aje kunichukua eda ikiisha. Nisamehe, mwanangu, nilikuwa nimeanza kuitaka safari hiyo.

Mama yako


Lugoba, 9 Juni 1936

Mama, shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya. Nimelia, kisha nikaenda kwa Mama Hija.

Anasema usilivute kujaribu kama limeshika. Likatie nusu ya majani, liondolee vitumba vyote vya maua, lisimamishie kuti la kulikinga jua. Maji asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Majani yaliyobaki yakidondoka usikate tamaa, tazama vifundo.

Nawe mama, usimnunie Shangazi Zaina. Mpe yeye kazi ya maji, ana deni la mkono.

Tulipeana ahadi, nami sitaivunja. Lakini nakwambia wazi: niliutafutia mwasumini njia kwa sababu nakutaka wewe. Nyumba hii jioni ina kimya kingi.

Mwanao


Lugoba, 6 Julai 1936

Mama, shikamoo. Sijapata jibu. Kama limekufa, niambie tu limekufa. Kama unaumwa, niambie nije.

Mwanao


20 Julai 1936

Mwaija, marahaba. Siumwi. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kusema. Majani yalidondoka yote, kikabaki kijiti kama cha mswaki. Mimi nilishakiacha. Zaina ndiye hakukiacha. Alikuja na kopo lake kila siku, hata siku ambazo hatukusemeshana.

Alhamisi iliyopita nilitoka eda. Zaina aliniogesha, akanivisha, kisha akanishika mkono akanipeleka uani. Kwenye kifundo palikuwa na majani mawili, madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Tulikaa chini pale pale, wanawake wazima, tukalia. Mjomba wako alikuwa barazani ananisubiri na mizigo yangu. Nimemrudisha Mlingotini peke yake, naye kanuna yeye.

Tumeuchimbua na donge lake lote, tukautia kwenye debe. Zaina ameshaomba tawi la kwanza litakalolazwa.

Barua hii sikumpa mtu. Naiandika ndani ya lori, debe liko katikati ya miguu yangu, ndiyo maana mwandiko unaruka. Nitakupa mkononi nikifika, uisome nami nikihangaika na jembe, maana kwa mdomo sitaweza. Nilitaka kuja tangu siku uliponiita. Niliogopa tu kuja mikono mitupu.

Mama yako